Udongo wa Machungwa kwenye Ukingo wa Shorty

Mazungumzo ya wanaanga wa Apollo 17 na kituo cha Houston yamehifadhiwa neno kwa neno, na sehemu kubwa ni kazi tu: namba za mifuko, kamera, oksijeni iliyobaki. Kisha, Desemba 1972, kwenye ukingo wa kreta ya Mwezini iitwayo Shorty, Harrison Schmitt anapaza sauti: "Hee! Ngoja kidogo..." Mwenzake, Eugene Cernan, anauliza kuna nini. Schmitt anatafuta kwanza kama kuna mwanga unaoakisiwa kutoka mahali, maana alishadanganyika mara moja. Ndipo anasema: "Kuna udongo wa rangi ya machungwa!"

"Usiuguse mpaka niuone," Cernan anamwambia. Umetapakaa kote, Schmitt anajibu. Ameutifua kwa miguu yake. Cernan anamwomba asubiri, ananyanyua kioo kinachokinga macho dhidi ya jua kali, anatazama upya. Bado ni machungwa. Schmitt anawaarifu Houston kwamba hana budi kuchimba mtaro.

Kila mahali walipokuwa wamepita katika bonde la Taurus-Littrow palikuwa kijivu juu ya kijivu. Wanaanga wengine kumi na mmoja waliokanyaga Mwezi walikuwa marubani waliofundishwa miamba. Schmitt alikuwa mwanajiolojia wa kusomea, mwenye shahada ya uzamivu ya Harvard, na pale Shorty tofauti hiyo inasikika. Hakuridhika kujaza mfuko na kuondoka. Alikata udongo kwa wima akaona ukanda wa machungwa wa upana wa mita moja hivi, umebanwa na kijivu pande zote mbili, rangi ikibadilika kuelekea kingoni. Kwa mwanajiolojia, mpangilio huo ulifanana na tundu la kutolea mvuke wa volkeno, mahali ambapo gesi hubadilisha rangi ya udongo. Kama ndivyo, basi Mwezi uliodhaniwa kufa zamani ungekuwa na volkeno changa.

Muda haukuwatosha. Gari lao likiharibika ingebidi warudi kwa miguu kabla oksijeni haijaisha, hivyo wakapiga picha, wakajaza mifuko, wakapigilia bomba la sampuli ardhini kwa nyundo. Lilipong'olewa, udongo wa mwisho wake wa chini ulikuwa mweusi.

Maabara ilikuja na jibu lingine. Ule haukuwa udongo uliounguzwa na gesi, bali shanga za kioo, nyingi nyembamba kuliko unywele, zenye titani nyingi. Takribani miaka bilioni 3.5 iliyopita magma ilipanda kutoka kina kirefu, gesi zilizomo zikafura kama za soda iliyotikiswa chupani, na matone ya moto yakarushwa juu kwenye anga tupu. Yaliyopoa upesi yakawa kioo cha machungwa. Yaliyochelewa kidogo yakaota fuwele na kuwa meusi, na ndiyo yaliyojaa chini ya bomba. Lava iliufunika mrundiko huo wote, ukahifadhika, mpaka kimondo kilipopiga pale, kikachimba Shorty na kuufukua.

Kwa hiyo Schmitt alikosea kuhusu tundu la mvuke. Lakini dhana hiyo ndiyo iliyomfanya achimbe, na bila mtaro ule na bomba lile tusingejua jinsi matabaka yalivyopangana.

Shanga zenyewe hazijaisha maneno. Mwaka 2008 mtafiti Alberto Saal na wenzake waligundua maji ndani ya shanga za volkeno za Mwezi, wakati vitabu vilikuwa vikifundisha kwamba Mwezi ni mkavu kabisa. Mwaka 2011 timu ya mtafiti Erik Hauri ilipima chembe za magma zilizonaswa ndani ya fuwele za udongo wa Shorty na kukuta maji kwa kiwango kinachokaribia cha magma za chini ya bahari zetu. Kama Mwezi ulizaliwa kwa mgongano mkubwa wa moto, maji hayo yalisalimikaje?

Na lile wazo la volkeno changa limerudi kwa mlango mwingine. Mwaka 2024 watafiti wa China walichambua shanga kama 3,000 zilizoletwa kutoka Mwezini na chombo cha Chang'e-5, wakakuta tatu tu za volkeno, zenye umri wa miaka milioni 120 hivi. Wakati huo dinosau walikuwa bado wanatembea duniani. Joto la kuyeyusha mwamba ndani ya gimba dogo namna ile, baada ya mabilioni yote hayo ya miaka, lilitoka wapi, na volkeno iliyorusha shanga hizo tatu iko wapi, bado hakuna aliyethibitisha.