Pima Kwanza, Lipa Baadaye: Mtandao wa Nyumbani Unapozorota

Ndugu msomaji, bila shaka hali hii si ngeni kwako. Ni saa mbili usiku, chakula kimekwisha kuliwa, na jamaa nzima imekusanyika sebuleni. Mama anazungumza na bibi aliyeko Kondoa kwa simu ya picha, baba anatazama taarifa ya habari, na kijana aliyemaliza kidato cha sita anajaza fomu ya kuomba mkopo wa elimu ya juu. Ghafla sura ya bibi inaganda mdomo wazi, fomu inakataa kwenda, na kila mtu anamtazama mwenzake kwa jicho la lawama.

Ndivyo ilivyokuwa nyumbani kwa mwandishi wa makala haya, hapa Dodoma. Mdogo wangu alikuwa amebakiwa na siku mbili tu kabla ya maombi hayo kufungwa. Nilimkaripia mbele ya watu kwamba ndiye anayemaliza mtandao kwa kutazama mpira usiku kucha. Kisha nikaongeza fedha na kuhamia kifurushi cha kasi kubwa zaidi. Kasi haikuongezeka hata chembe. Fomu ilikwenda alfajiri ya siku ya pili, pale kijana alipochukua kompyuta na kuketi sakafuni kando ya ruta. Hapo nilitambua mambo mawili: kwamba nilimwonea mdogo wangu, na kwamba nilikuwa nimelipia kitu nilichokuwa nacho tayari.

SAFARI MBILI

Yafaa ieleweke kwamba mtandao hufika mkononi mwako kwa safari mbili. Safari ya kwanza hutoka nje hadi kwenye ruta, ama kwa waya wa faiba, ama kwa mawimbi ya mnara wa simu. Safari ya pili hutoka kwenye ruta hadi kwenye simu au kompyuta, nayo ndiyo iitwayo waifai. Kampuni hukuuzia safari ya kwanza. Ya pili imo ndani ya kuta zako mwenyewe, na ubovu wake hauponi kwa kununua kifurushi kikubwa.

Safari ya kwanza nayo ina misukosuko yake. Wasomaji watakumbuka Jumapili ya Mei 12, 2024, ambapo nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu upande wa kusini mwa Afrika, na mtandao ukadorora nchini mwetu na katika nchi jirani. Siku kama hiyo mwenye nyumba hana la kufanya ila kusubiri. Walakini siku za namna hiyo ni chache, na haziwezi kubebeshwa lawama ya mwaka mzima.

KALAMU NA DAFTARI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Twaa basi daftari. Zipo programu za simu za kupimia kasi zisizotozwa ada, ingawa kila kipimo hula sehemu ya bando lako. Kwanza, zima vifaa vingine vyote vilivyounganishwa. Pili, simama hatua moja kutoka kwenye ruta, pima, na uandike. Kama una kompyuta na waya wa kuiunganisha na ruta, pima kwa waya, kwani hiyo ndiyo njia ya uhakika zaidi. Tatu, nenda chumbani, funga mlango, pima tena. Rudia kazi hiyo alfajiri, mchana na saa tatu usiku kwa siku tatu.

Daftari litakupa jibu. Ikiwa kando ya ruta kasi ni nzuri na chumbani ni mbaya, kasoro imo ndani ya nyumba. Ikiwa ni mbaya kila mahali na kila saa, hata kwa waya, tatizo lipo nje au katika ruta yenyewe. Ikiwa alfajiri ni nzuri na usiku ni mbaya, aghalabu ni msongamano, maana mnara mmoja hugawiwa watu wengi. Tusisahau jinsi mji wetu ulivyokua. Chama cha TANU kiliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, Serikali ikaanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, na mwaka 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa Jiji. Kila nyumba mpya ya Ilazo, Kisasa au Nzuguni ni wateja wapya wa minara.

Jambo moja huwachanganya wengi wanapopima. Kampuni huuza kasi kwa megabiti, hali simu mara nyingi huonyesha ukubwa wa faili kwa megabaiti, na megabaiti moja ni sawa na megabiti 8. Kwa hiyo mwenye kifurushi cha megabiti 20 kwa sekunde hawezi kupokea zaidi ya megabaiti 2.5 kwa sekunde. Huyo hajaibiwa.

ADUI WALIOMO NDANI

Nyumbani kwangu ruta ilikuwa imefichwa nyuma ya televisheni, kando ya kabati la masufuria, eti isionekane na wageni. Chuma huyarudisha mawimbi, na maji huyameza. Basi jihadhari na mabati, vioo vikubwa, kuta za zege lenye nondo, na hata mapipa ya maji tunayoweka akiba ndani. Iweke ruta mahali pa wazi, juu ya meza au rafu, karibu na katikati ya nyumba.

Iwapo ruta yako hupokea mawimbi ya mnara, itakubidi uisogeze dirishani upande wa mnara, hasa kwa wanaoishi nyuma ya vilima na majabali yetu. Jaribu madirisha mawili au matatu kabla ya kuamua. Lakini usiianike juani wala kuiacha imezibwa na vumbi, kwani joto kali huidhoofisha.

Ruta nyingi za sasa hutoa mawimbi ya aina mbili. Ya gigahezi 2.4 hufika mbali na kupenya kuta, lakini ni ya polepole na hugongana na ya majirani, hali kadhalika na jiko la maikrowevu linapowaka. Ya gigahezi 5 yana kasi, ila huchoka upesi mbele ya ukuta. Aketiye karibu atumie ya 5, na aliye mbali atumie ya 2.4. Katika hayo ya 2.4, ukiona msongamano wa majirani, mwombe fundi akuhamishie ruta kwenye chaneli 1, 6 au 11, yoyote iliyo na nafasi.

Mwisho, badili neno la siri ulilopewa pamoja na ruta, uone ni simu ngapi za mtaani zitakatika. Zuia pia simu zisijisasishe zenyewe saa za jioni.

HAKI YA MTEJA

Ukikamilisha hayo yote na bado kasi ni duni, sasa unayo hoja. Peleka daftari lako kwa kampuni, lenye tarehe, saa na vipimo. Uliza pia kama kifurushi chako hupunguzwa kasi baada ya kutumia kiasi fulani. Usiporidhika na majibu, peleka malalamiko yako kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Mlalamikaji mwenye vipimo husikilizwa kuliko mwenye hasira.

Mimi nilirudi kwenye kifurushi changu cha zamani, na ruta sasa imekaa juu ya rafu, wageni wote wanaiona. Mdogo wangu nilimwomba radhi mbele ya watu wale wale niliomkaripia mbele yao. Nawe, ndugu msomaji, kabla hujamlaumu mtoto wala kumlipa mtu senti moja zaidi, pima.