Picha ya Kuagizwa ni Mali ya Nani?

Mpiga picha wa Kulesa au Garsen akipigiwa simu apige picha za harusi, za mkutano au za mashamba yaliyofunikwa na mafuriko ya Tana, jambo la kwanza kuzungumzwa ni bei. La pili ni siku. Nani atamiliki picha hizo huwa halitajwi, na hapo ndipo hasara huanzia.

Wengi huamini kuwa aliyepiga picha, kuchora nembo au kutunga wimbo wa tangazo ndiye mwenye hakimiliki mpaka aiuze. Kwa kazi aliyojianzishia mwenyewe, ni kweli. Kwa kazi ya kuagizwa, sivyo. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 kinasema kazi ikiagizwa na mtu asiye mwajiri wa msanii, hakimiliki huhesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa wawili hao wamekubaliana vinginevyo. Kifungu hakitaji malipo kukamilika. Hivyo mteja ambaye bado anadaiwa nusu ya pesa anaweza kuchapisha kalenda kwa picha hizo na kudai ni zake.

Kinga ni maandishi kabla ya kazi kuanza. Ukurasa mmoja wa Kiswahili uliotiwa sahihi na wote wawili unatosha: “Hakimiliki itabaki kwa mpiga picha, mteja atazitumia katika ripoti zake tu.” Mteja akitaka kumiliki kabisa: “Hakimiliki itahamia kwa mteja siku atakapomaliza malipo yote.” Kutaka kumiliki si kosa, ila bei yake si ile ya kutumia mara moja.

Picha ambazo fundi alizipiga kwa hiari yake ni kinyume. Mnunuzi hapati hakimiliki bila hati iliyoandikwa na kutiwa sahihi na mwenyewe. Aliyenunua nakala ya kutundika ukutani amenunua nakala tu.

Hata hakimiliki ikishahama, kifungu cha 32 humwachia msanii haki ya kutambuliwa kuwa kazi ni yake, na ya kupinga ikipotoshwa kwa namna ya kumvunjia heshima.

Nyimbo za jadi, kama ule wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto uliotoa sauti ya wimbo wa taifa mwaka 1963, zina sheria yake ya mwaka 2016.

Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO) husajili kazi kupitia mtandao. Usajili si lazima, lakini cheti husaidia kesi ikifika mahakamani.