Sura ya 7: Mnunuzi wa Tiba

Mjadala wa mageuzi ya afya nchini Kenya huendeshwa kana kwamba kuna kambi mbili zilizotenganishwa na ukuta: hospitali za serikali huku, za kibinafsi kule. Eldoret haiujui ukuta huo. Daktari bingwa anayewapitia wagonjwa asubuhi katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, MTRH, jioni huenda akawa katika chumba cha upasuaji cha hospitali ya kibinafsi ng'ambo ya mji. MTRH yenyewe ina wodi za wanaolipa zaidi. Na kipimo kikikosekana ndani, mgonjwa huvuka barabara na karatasi yake hadi maabara ya mtu binafsi, akalipa kwa M-Pesa.

Sekta hizi mbili zimekwisha kuingiliana, tupende tusipende. Ninachotaka msomaji akichunguze ni mkono unaolipa: ni wa nani, unalipa lini, na unakagua nini kabla ya kulipa. Hapo ndipo sera zetu zimejikwaa tangu uhuru.

Mwaka 1965 serikali ya Kenyatta ilifuta ada ya shilingi 5 hospitalini. Mwaka uliofuata ikaanzishwa NHIF, bima iliyolenga kwanza wenye mishahara. Mwisho wa mwaka 1989 ada zikarudi kwa jina la kugawana gharama, zikasimamishwa 1990, kisha zikarudishwa tena. Mwaka 2004 zahanati zikaruhusiwa kutoza shilingi 10 na vituo vya afya 20. Mwaka 2013 ada hizo zikafutwa, na kujifungua katika hospitali za umma kukawa bure. Mara nyingi ada iliguswa kwa tangazo, lakini pengo ambalo ada ilikuwa ikiliziba, la glavu, sindano na dawa, lilijazwa kwa kuchelewa au halikujazwa. Muuguzi wa zahanati ndiye aliyebaki akimweleza mama kwa nini dawa anunue nje.

Tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF iliipisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyoundwa kwa sheria ya 2023. Mfuko wa afya ya msingi hulipiwa na serikali, na mwananchi hapaswi kutozwa kwenye zahanati na kituo cha afya. Mfuko wa bima hugharimia hospitali kubwa, na mfuko wa tatu hushika dharura na magonjwa sugu pale bima inapoisha. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75; asiye na mshahara hupimwa uwezo wa kaya yake, kisha hulipa si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, ila alitakiwa azilipe za mwaka mzima kwa pamoja.

Sharti hilo lastahili kutazamwa ukiwa Uasin Gishu, kaunti ya Eldoret. Mkulima wa mahindi wa Moiben au Ziwa hupata fedha zake nyingi kwa mkupuo baada ya mavuno, na huenda akayamudu malipo ya mwaka. Lakini mwendesha boda boda wa mtaa wa Langas hupata riziki ya leo leo, na nusu yake imeshaliwa na petroli na mkopo wa pikipiki. Serikali baadaye ilileta mpango wa kulipa polepole kwa mkopo. Nauona ni tiba ya jeraha lililoletwa na sheria yenyewe: mtu asiye na akiba anakopeshwa ili awe na bima.

Tuje sasa kwa hospitali za kibinafsi. SHA ilipanga bei: shilingi 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida, 30,000 kwa upasuaji. Bei moja kwa wote ni jambo jema, maana inampa mama uhuru wa kuchagua mlango. Lakini mnunuzi wa tiba, yaani anayelipa, asiyekagua faili anaiambia hospitali, bila kutamka, kwamba kisu kina faida kuliko subira ya mkunga. Mwaka 2025 Wizara ya Afya ilisimamisha vituo kadhaa kwa tuhuma za madai ya uongo.

Udanganyifu huo ni wa kweli na unaniudhi, lakini naona ucheleweshaji wa malipo una madhara zaidi. NHIF iliacha madeni ya mabilioni, na Februari 2025 chama cha hospitali za kibinafsi, RUPHA, kilisitisha huduma za SHA kikidai wanachama wake hawajalipwa. Fikiria hospitali yenye vitanda ishirini katika mtaa wa kipato cha chini: kodi ya nyumba, mishahara ya wauguzi, oksijeni, dawa za mkopo. Hospitali ya umma hustahimili kwa sababu mishahara yake hutoka kwenye bajeti ya serikali. Hospitali kubwa ya kibinafsi ina wateja wa bima za kampuni. Hiyo ndogo, iliyo karibu na maskini na yenye bei nafuu, ndiyo hufunga au kudai pesa taslimu mapokezini. Kwa hiyo mnunuzi anayechelewa huichagulia nchi hospitali za aina gani zitasalia, hata kama hajawahi kuandika sera ya namna hiyo.

Eldoret imewahi kuona mkono unaolipa vizuri. AMPATH, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, MTRH na vyuo vya Amerika Kaskazini vikiongozwa na Chuo Kikuu cha Indiana, ilianza kutibu wenye virusi vya UKIMWI mwaka 2001. Fedha zilikuja kwa mpangilio, kila mgonjwa akawa na rekodi ya kompyuta hata katika kituo cha afya cha Mosoriot, na dawa zilipatikana bure ndani ya vituo vya serikali. Lakini mkono ule ulikuwa wa Marekani. Januari 2025 Washington ilipositisha misaada ya nje, wafanyakazi na wagonjwa wa eneo zima walitiwa wasiwasi ndani ya siku moja.

Ningeanza mageuzi hapo: rekodi za aina ile ziwe msingi wa kukagua kila dai, la umma na la kibinafsi, SHA iwekewe siku ya mwisho ya kulipa, yenye riba ikipita, na orodha ya inaowadai na wanaoidai ichapishwe kila mwezi, kaunti kwa kaunti, ili mwakilishi wa wadi ya Langas au Kapseret aweze kuuliza kwa nini kituo cha kwao hakijalipwa.