Mateso ya Mgonjwa na Upendo Unaojitoa

Wengine hudhani kwamba asiyepona anaadhibiwa na Mungu, au kwamba Mkristo mwema hatakiwi kuomba dawa ya maumivu. Kanisa halifundishi hivyo. Katika barua yake ya mwaka 1984 juu ya mateso, Mtakatifu Yohane Paulo II alitukumbusha Msamaria Mwema, aliyesimama na kufunga majeraha. Kumtuliza mgonjwa maumivu ni tendo la imani.

Mfano wa karibu ni Dk. Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, Gulu, Uganda. Ebola ilipoingia mwaka 2000, hakukimbia. Wauguzi walipoanza kufa, alibaki nao wodini, hata naye akafa kwa ugonjwa huo tarehe 5 Desemba 2000. Hakutafuta kifo: alisimamia sana glovu na mavazi ya kinga. Upendo wa kujitoa haudharau kinga.

Nasi tunaouguza majumbani hapa Kansay tufanye hivi:

1. Tumpe mgonjwa dawa za maumivu kama alivyoandikiwa.
2. Asiyeweza kujigeuza, tumgeuze kila baada ya saa mbili, asipate vidonda vya mgongo.
3. Tuvae glovu tunapogusa damu, matapishi au choo, kisha tunawe kwa sabuni.
4. Tupokezane zamu, baba na vijana pia, mama asielemewe peke yake.

Kristo hakutuondolea mateso yote, bali aliyaingia pamoja nasi. Anayekaa kando ya mgonjwa anafanya vivyo hivyo.