Kamusi ya Marehemu Mwalimu Wangu

Kamusi ya Frederick Johnson, iliyochapishwa mwaka 1939 mwenyewe akiwa amekwisha kufariki, niliirithi kwa mwalimu aliyenifundisha isimu. Ilinifikia mgongo umebambuka, kurasa za mwanzo zimechopoka, na pambizo zake zimejaa maandishi ya kalamu ya risasi: matamshi ya Kimvita, maana ambazo Johnson hakuzitaja, na mara nyingine neno moja tu, "Sivyo!"

Mjalidi mmoja wa mjini aliniahidi kuitengeneza kwa siku moja. Nilipomwuliza vipi, alinionyesha mashine: angeukata mgongo wote, apake gundi, kisha azisawazishe kingo tatu zilizosalia. Hizo ndizo pambizo za mwalimu wangu! Nilikichukua kitabu changu nikaenda zangu.

Kazi yenyewe, msomaji, haihitaji mitambo. Adui wa kwanza niliyemkuta ni ule utepe wa plastiki unaonata, ambao sote tumewahi kuubandika vitabuni shuleni. Gundi yake hugeuka rangi ya kahawia, ikapenya karatasini na kuacha doa lisilotoka. Mimi nilipika uji wa wanga wa ngano, nikauchuja, nikaziba nao mipasuko kwa karatasi nyembamba ya Kijapani, itengenezwayo kwa nyuzi za mti wa jamii ya mforosadi. Uzuri wa uji huo ni kwamba hulainika kwa maji. Atakayeona kesho kuwa nimekosea ataweza kuibandua kazi yangu bila kuichana karatasi ya asili. Kisha nikayashona mafungu ya kurasa kwa uzi wa kitani uliopakwa nta, sindano ikipita katika matundu yale yale ya zamani. Kazi hiyo ilikula jioni zangu kwa majuma matatu.

Fani hii si ngeni kwetu. Neno jalada lina asili moja na neno la Kiarabu lenye maana ya ngozi, na wenyeji wa Siyu, kisiwani Pate, walisifika zamani kwa kunakili misahafu na kwa kazi za ngozi. Lakini tunawafundisha wanafunzi kuvihakiki vitabu, wala hatuwafundishi kuvishona. Mwalimu mwenzangu, kabla hujampa mjalidi vitabu vya maktaba yenu, mwulize kwanza kama atakata kingo.

Juzi mwanafunzi wangu aliisoma kamusi hiyo ofisini mwangu, akafika penye "Sivyo!" moja, akashikilia kuwa Johnson alikuwa sahihi. Akaniomba kalamu ya risasi. Nilimpa.