Mbwa Akiingia Uani: Je, Yafaa Kumpiga Risasi?



Familia nyingi za pwani zina jamaa zao katika Kaunti ya Machakos. Wengine wamefuata kazi za viwandani huko Athi River, wengine wamepanga nyumba Mlolongo na Syokimau, na wengine ni wakazi wa siku nyingi wa mji wa Machakos wenyewe. Huko Ukambani mbwa ni sehemu ya boma. Hulinda mbuzi na ng'ombe, hubwekea wezi usiku, na aghalabu hutembea atakako bila kufungwa. Mtoto aliyelelewa Mombasa au Lamu hana mazoea naye. Humwona akamwogopa, na akimwogopa hukimbia, na akikimbia hufukuzwa.

Hapo ndipo huzuka swali tunalolizungumza juma hili. Mbwa wa jirani huingia uani, hunusa vyombo, huwabwekea watoto waendapo chuoni alfajiri. Baba mwenye nyumba ana bunduki yenye leseni, au anaye ndugu aliye nayo. Je, ana haki ya kumpiga mbwa huyo risasi?

Tutatoa jibu letu kwanza, kisha tueleze sababu zake. Mbwa anayemshambulia mtu, na ikawa hapana njia nyingine ya kumzuia, yafaa kuuawa. Mbwa aliyeingia uani tu, au anayebweka tu, haifai kumuua. Na mwenye kudhani kwamba risasi itawaepusha watoto wake na kichaa cha mbwa, amekosea dawa.

Dini yetu inasemaje

Wako wanaosema kwamba mbwa ni najisi, basi kumuua si jambo la kuulizia. Maneno haya hayana msingi. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo tunayoyafuata wengi wa watu wa pwani, najisi ya mbwa ni nzito, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa mchanga. Huko ndiko kutahirisha kulikofundishwa. Dawa ya najisi ni maji na mchanga. Hapana mwanachuoni aliyesema kuwa ni risasi.

Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) aliwahi kuamrisha mbwa wa Madina wauawe, kisha akakataza wasiuawe, akambagua mbwa mweusi mwenye madoa mawili. Imam Nawawi, katika sherehe yake ya kitabu hicho, ameeleza kwamba wanavyuoni wameafikiana juu ya kuuawa mbwa mwenye kichaa na mbwa mkali aumaye, na wakahitilafiana juu ya mbwa asiye na madhara. Akanukuu kauli ya Imam al-Haramayn kwamba sheria ilitulia mwishowe juu ya katazo la kumuua mbwa yeyote asiye na madhara, awe mweusi au awe wa rangi nyingine.

Huyo mbwa mkali aumaye ametajwa katika hadithi ya Bibi Aisha (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, pamoja na kunguru, mwewe, nge na panya, kuwa ni miongoni mwa viumbe wenye kudhuru wanaoweza kuuawa hata katika eneo takatifu la Makka. Basi kinachotazamwa ni madhara. Rangi yake, sauti yake, wala kule kumchukia kwetu, si hoja.

Tena mbwa wa kulinda mifugo, wa kulinda shamba na wa kuwindia ameruhusiwa kufugwa kwa hadithi sahihi, na Qur'ani katika Suratul Maida imehalalisha mawindo ya wanyama waliofunzwa. Wanavyuoni wa Kishafi hawamhesabu mbwa kuwa ni mali ya kuuzwa, lakini hawakuhalalisha kumuua mbwa mwenye manufaa. Mbwa wa jirani anayelinda mbuzi wake yumo katika hukumu hiyo.

Kiwango cha dharura

Mafakihi wamezungumza kwa urefu juu ya mshambuliaji, akiwa mtu au mnyama. Kanuni yao ni kwamba shari huzuiwa kwa njia iliyo nyepesi kwanza. Ikiwa sauti inatosha, fimbo haitumiki. Ikiwa fimbo inatosha, silaha ya kuua haitumiki. Na shari ikisha kuondoka, ruhusa nayo imeondoka.

Mbwa aliyemwangusha mtoto na kumng'ata, au anayemrukia mtu huku hapana mlango wa kukimbilia, ni dharura iliyo wazi, na uhai wa mwanadamu una heshima kubwa mno kuliko uhai wa mnyama. Aliyemuua mbwa wa namna hiyo hana lawama. Lakini mbwa aliyekwisha kugeuka akaenda zake, akafuatwa mpaka nyuma ya ua na kupigwa risasi, huyo ameuawa kwa kisasi, na mnyama halipizwi kisasi. Vilevile mbwa aliyeingia kwa sababu lango lilikuwa wazi na mabaki ya chakula yalikuwa nje: dawa yake ni kufunga lango na kufunika taka.

Na hata palipo na ruhusa, tumeamrishwa wema. Katika Sahihi Muslim mna mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kwamba hata anayelazimika kuua afanye hivyo kwa njia iliyo bora, bila ya kumtesa kiumbe. Sumu inayomwacha mnyama akigaragara kwa saa nzima iko mbali na mafundisho hayo, na tena inaweza kuokotwa na mtoto.

Sheria ya nchi

Sheria ya Kenya nayo haimpi mtu uhuru wa kuua atakavyo. Kifungu cha 338 cha Sheria ya Adhabu kinamhesabu kuwa mkosaji mtu anayemuua, kumlemaza au kumjeruhi kwa makusudi na kinyume cha sheria mnyama anayeweza kuibwa, na mbwa afugwaye na mtu ni katika hao. Iko pia sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama. Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi serikali za kaunti kazi ya udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na kutoa leseni za mbwa. Kwa hiyo mbwa msumbufu anapozoea kuingia, mlango wa kubisha ni wa chifu, wa afisa wa mifugo wa kaunti, au wa polisi akiwa ameuma.

Mwenye bunduki akumbuke pia kwamba leseni yake ni amana. Mitaa ya Mlolongo na Syokimau ina nyumba zilizobanana. Risasi iliyomkosa mbwa haijui ukuta wa nani iutoboe, wala mtoto wa nani anacheza nyuma ya ukuta huo.

Risasi haimalizi kichaa cha mbwa

Tunajua kwamba hofu kubwa ya akina mama si meno peke yake, bali ni kichaa cha mbwa. Hofu hiyo ni ya haki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba maradhi haya huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na kwamba mbwa ndio wanaowaambukiza karibu wote. Dalili zikisha kumdhihirikia mgonjwa, kupona ni nadra mno.

Machakos inayajua maradhi haya kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1990 watafiti wakiongozwa na Philip Kitala waliwachunguza mbwa wa wilaya hiyo. Waliona kwamba karibu mbwa wote walikuwa na wenyewe, kwamba wengi walikuwa wachanga wenye maisha mafupi, na kwamba waliochanjwa hawakufikia thuluthi moja. Hapo twapata somo kubwa. Ukimuua mbwa mmoja bomani, mwenyewe hutafuta mwana-mbwa mwingine kabla mwezi haujaisha, naye huja bila chanjo. Bunduki imepunguza mbwa mmoja, na maradhi yamebaki palepale. Wataalamu wanasema kwamba wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, maradhi hukosa njia ya kupita. Ndiyo maana mpango wa taifa wa kutokomeza kichaa cha mbwa, uliotolewa mwaka 2014 kwa lengo la kufikia 2030, umetegemezwa juu ya chanjo.

Na mfano hauko mbali nasi. Kisiwa cha Pemba, ambacho wakazi wake karibu wote ni Waislamu, kiliendesha kampeni za kuchanja mbwa kuanzia mwaka 2010, na kufikia 2014 maradhi yakakatika. Mwaka 2016 yakarudi kutoka nje, chanjo ikarejewa kwa bidii, na kufikia mwisho wa 2018 yakakatika tena. Ndugu zetu wa Pemba hawakuhitaji kuwapenda mbwa wala kuwaingiza majumbani. Walichohitaji ni kila mwenye mbwa ampeleke siku ya chanjo.

Mtoto akiumwa, fanyeni haya

Osheni jeraha mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15. Msipake majivu, mafuta wala dawa ya kienyeji. Kisha mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni mkwaruzo mdogo, apate chanjo, na msiache hata sindano moja katika siku mtakazopangiwa. Sindano hizo siku hizi hudungwa begani. Zile hadithi za sindano nyingi za tumboni zimepitwa na wakati.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mbwa aliyeuma, ikiwezekana kufungiwa kwa usalama, ni bora abaki hai kwa siku 10 chini ya uangalizi wa daktari wa mifugo. Akibaki mzima, ni dalili njema kwa mtoto. Na ikiwa ilibidi auawe, asipigwe kichwani wala asizikwe kwa haraka, kwani maradhi huthibitishwa kwa kupima ubongo. Msimguse kwa mikono mitupu. Mwiteni afisa wa mifugo. Wala chanjo ya mtoto isingojee majibu hayo.

Wafundisheni watoto mapema: mbwa asitazamwe machoni, asirushiwe mawe, wala asikimbiwe. Mtoto asimame kimya kama mti, mikono ameibana kifuani, mpaka mbwa apite. Akiangushwa, ajikunje na afunike shingo na masikio kwa mikono yake. Na waendapo chuoni alfajiri, waende kwa kundi pamoja na mtu mzima.

Haki ya jirani

La mwisho ni jirani. Katika Machakos jirani yetu aghalabu si wa dini yetu, na mbwa wake kwake ni mlinzi wa riziki. Kabla ya kitu chochote, mwendeeni kwa heshima. Mwelezeni kwamba watoto wanaogopa, mwombeni amfunge mchana, muulizeni kama amechanjwa. Naye ana wajibu wake: mwenye kujua kwamba mbwa wake ni mkali kisha akamwachilia ovyo huweza kudaiwa fidia kwa aliyejeruhiwa, na sheria yetu ya Kiislamu nayo humbebesha dhamana kwa uzembe huo. Akikataa, wako wazee wa mtaa, yuko chifu, na iko sheria. Mlio wa bunduki huvunja mlango huo wa maneno, na kuufungua tena huchukua miaka.

Mtume wetu (S.A.W.) ametupa habari ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha maji mbwa aliyekuwa akifa kwa kiu. Dini iliyotufundisha hayo ndiyo hiyo hiyo iliyotuamrisha kuilinda nafsi ya mtoto. Hayo mawili hayapingani, nasi hatuna ruhusa ya kuchukua moja tukaliacha la pili.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, walio pwani na walio bara, na atujaalie tuwe majirani wema. Amin.