Viraka vya Msimbo na Bei ya Bando Pumwani

Msanidi wa programu anayefanyia kazi Majengo au Shauri Moyo, eneo la Pumwani jijini Nairobi, hununua malighafi yake kwa megabaiti, na mara nyingi kwa bando la siku ambalo muda wake ukiisha, salio nalo limekwenda. Sehemu kubwa ya msimbo anaoutegemea huandikwa nje ya Kenya na hubadilika kila siku, pengine kwa mistari michache tu. Akipakua mradi mzima ili aipate mistari hiyo, amefanya kama mchuuzi wa Gikomba aliyenunua robota zima la mitumba kwa ajili ya shati moja. Kasi ya intaneti huzungumzwa sana. Naamini kinachomla fedha zaidi ni namna mabadiliko hayo yanavyomfikia.

Dawa yake ni ya zamani. Mwaka 1985 Larry Wall alitoa programu ya patch, inayopokea orodha ya tofauti tu, yaani kiraka, na kuzipachika kwenye faili zilizopo. Katika miaka ya 1990, Poul-Henning Kamp wa Denmark aliunda CTM kwa ajili ya mfumo endeshi wa FreeBSD, ikazituma tofauti hizo hata kwa barua pepe. Kila furushi la tofauti lilikuwa na namba, na la kumi halikukubaliwa kabla ya la tisa. Furushi kubwa lilikatwa vipande vilivyoweza kufika kwa mpangilio wowote, kisha vikaunganishwa. Kila faili ilikaguliwa kabla na baada ya kuguswa. Laini ikikatika, kilichokwisha kufika hakikupotea, na hilo ndilo la thamani kwa mtu anayelipia kila megabaiti.

Wapo watakaosema Git, programu ya kufuatilia mabadiliko ya msimbo iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, imeshamaliza tatizo hili. Ni kweli kwamba baada ya nakala ya kwanza, Git huleta mapya tu. Lakini nakala hiyo ya kwanza ndiyo mzigo: historia nzima ya kiini cha Linux ni gigabaiti kadhaa, na kwa kawaida upakuaji ukikatika katikati huanza upya. Kuchukua historia fupi hupunguza uzito, ila humnyima msanidi kumbukumbu ya nani alibadilisha nini na kwa sababu gani. Wengine watasema faiba sasa imeingia mitaani. Imeingia, lakini Mei 2024 nyaya za baharini za SEACOM na EASSy zilipopata hitilafu, intaneti ilizorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, kwenye faiba na kwenye simu.

Kenya imewahi kulitatua tatizo la aina hii. KIXP, kituo ambako kampuni za intaneti hubadilishana data, kilifunguliwa Nairobi mwaka 2000, kikafungwa na mdhibiti baada ya wiki chache, kikarudi 2002. Data ya Mkenya kwenda kwa Mkenya ikaacha kuzunguka ng'ambo kwa setilaiti. Kampuni za intaneti na vyuo vikuu vingeweza kuweka hapo nakala za miradi inayotumika zaidi, zikiwa faili ambazo upakuaji wake huendelea pale ulipokatika, au zinazobebwa kwa flashi. Hofu ya nakala kuchezewa ni ya haki, ila katika Git kila badiliko lina alama inayotokana na yaliyomo na historia yake yote: msanidi huilinganisha na ile ya wenye mradi, kazi ya baiti chache ambayo hata bando linaloisha linaitosha.